Boti kuukuu: ipi ununue, ipi uiache ilipo

Mashine ya boti hung'olewa na kufungwa nyingine kwa siku moja. Mwili uliooza hauna njia hiyo, ndiyo maana nazipanga boti zilizotumika kwa kuangalia mwili kwanza.

Nafasi ya kwanza naipa boti ya faiba inayofanya kazi bado ila sura haivutii: rangi imepauka, viti vimechanika, mashine inakohoa. Wanunuzi wengi huipita, na hapo ndipo bei hulegea. Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofichwa ndani yake: plaiwudi ya ubao wa nyuma unaobeba mashine, mihimili iliyo chini ya sakafu, na mbao nyepesi iliyojazwa katikati ya sitaha. Maji hupenya kwenye tundu la skrubu lisilozibwa vizuri, yakakaa humo miaka.

Kwa hiyo nenda na nyundo ndogo ya plastiki. Gonga sitaha na ubao wa nyuma hatua kwa hatua. Palipo pazima hujibu kwa mlio mkali na mfupi. Palipooza, au tabaka zilipoachana, mlio huwa mzito, kama unagonga kadibodi. Kisha shika mashine juu, ivute na kuisukuma huku mwenzako akiukodolea macho ubao. Ubao ukicheza, aga kwa heshima, kwa sababu gharama ya kuufumua inaweza kuipita bei ya boti yenyewe. Malengelenge madogo chini ya mstari wa maji yasikutishe. Mengi ni ya kupunguzia bei tu. Nyufa zilizotawanyika kama utando wa buibui zinataka swali: hapa iligonga nini? Halafu chungulia upande wa ndani bila kungoja jibu.

Ya pili ni alumini. Ni nyepesi, na ikibonyea hunyooshwa. Shida yake ni chumvi ikikutana na metali nyingine: tafuta unga mweupe na rangi iliyovimba kuzunguka skrubu za chuma cha pua. Ikiwa chini ilipakwa rangi yenye shaba, kagua kila kiungo, maana shaba huila alumini. Kwa iliyopigwa ribiti, yaani pini za kuunganisha mabati, mwaga ndani maji ya kimo cha vidole vichache ikiwa nchi kavu, uone yanachuruzika wapi.

Mbao naiweka ya tatu, ingawa moyoni ndiyo ya kwanza. Inamfaa mwenye muda. Tafuta palipooza kwa kuchoma kwa ncha ya kisu kando ya mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti, na pale mataruma, mbavu zake za ndani, yanapoungana na mbao za ubavuni. Mianya iliyofunguka kwa kukauka si ugonjwa. Mbao hufura tena majini, na kalafati, pamba ya kuziba mianya, hurudishwa. Matundu madogo kama ya sindano ndiyo ya kuogopa, kwani funza wa baharini huingilia hapo akachimba mfereji mzima ndani.

Mkiani kabisa ni boti iliyopakwa rangi wiki iliyopita, pamoja na ile ambayo fundi aliifumua akaiacha nusu. Ya kwanza inaficha. Ya pili inauzwa na mtu aliyekwisha kupiga hesabu akashindwa. Mimi niliwahi kununua ya nusu. Sitaki kuizungumzia.

Mashine nayo, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha iguse: iwe baridi. Oili ya gia ikiwa kama maziwa, maji yameingia. Pima mgandamizo, yaani kila silinda inabana hewa kwa nguvu kiasi gani; silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, shusha bei kana kwamba mashine haipo. Hakikisha inatema maji ya kupoza bila kukatika.

Mwisho, ingieni majini. Endesheni nusu saa, tena kwa kasi, halafu inua mbao za sakafu uangalie ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika. Muuzaji akikataa safari hiyo, rudi na pesa zako.