Riperi kiti ya kabureta: nyota tatu, na mbili ni za kipande kimoja

Niseme mapema kwamba kiti hii, yaani pakiti ya vipuri vya kukarabatia kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), ilisaidia. Ila kwanza ilizidisha ugonjwa niliokuwa nautibu, na kosa nusu lilikuwa langu.

Chombo chenyewe ni pikipiki ya magurudumu manne, ya porini na matopeni, injini ya silinda moja, kabureta moja ya aina ile ambayo slaidi (kipande kinachopanda na kushuka kufungua njia ya hewa) huinuliwa na mvuto wa hewa kupitia kiwambo cha mpira. Ilianza kunywa mafuta kama haina mwenyewe. Nikibonyeza akseleta inatoa moshi mweusi. Kwenye mwinuko inakohoa, inakosa pumzi, halafu inafyatuka ghafla wakati sijajiandaa. Nikiizima ikiwa ya moto, haiwaki tena mpaka nifungue akseleta yote na kubonyeza stata muda mrefu. Plagi niliitoa nyeusi tii, ina masizi makavu yanayobaki kidoleni kama unga wa mkaa.

Kabla ya kununua chochote nilifanya jaribio moja la maana: nilitoa chujio la hewa na kuiwasha kidogo pale pale, bila kuiendesha. Ikachangamka. Injini inayochangamka ukiiongezea hewa, shida yake ni mafuta kuzidi. Sponji ya chujio ilikuwa imelowa oili kupita kiasi (mimi mwenyewe niliipaka kwa ukarimu), nikaifua, nikaikamua, nikairudisha. Nafuu ilikuwa ndogo sana.

Hapo ndipo uvivu uliponiingia. Badala ya kuendelea kutafuta, nikaagiza riperi kiti. Ndani kulikuwa na jeti kuu na jeti ndogo (vipande vyenye tundu linalopima mafuta), sindano ya slaidi, vali ya floti (inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa), gasketi ya bakuli, oringi kadhaa (pete za mpira za kuzuia kuvuja), na skrubu ya mchanganyiko pamoja na springi yake. Karatasi ya maelekezo hakuna. Muuzaji aliandika kwamba inafaa modeli zaidi ya kumi, nami nikaona hiyo ni sifa. Kabureta za modeli tofauti zinaweza kufanana nje kama mapacha, lakini jeti za ndani kila mmoja ana namba zake. Kitu kinachowafaa wote kumi kuna uwezekano hakimfai hata mmoja sawasawa.

Kufungua: skrubu za bakuli za kabureta nyingi za Kijapani zina kichwa cha msalaba kinachotaka bisibisi ya kipimo cha Kijapani. Ukitumia ya kawaida inateleza na kula kichwa. Nimekula viwili. Na oringi ndogo ya skrubu ya mchanganyiko hupenda kubaki shimoni ukidhani imetoka, hasa ikiwa imezeeka. Niliivua kwa kipande cha waya kilichopindwa ncha. Usiichokoe kwa nguvu, utakwaruza kuta za shimo.

Nikabadilisha vyote kwa mkupuo. Hilo ndilo kosa langu. Pikipiki ikawaka, na moshi ukawa mzito kuliko mwanzo. Sasa nina vipande saba vipya na sijui kipi kimeniharibia.

Nikafungua tena, safari hii na kioo cha kukuzia. Jeti kuu ya zamani imeandikwa 132, ile ya kwenye kiti 140. Tundu kubwa, mafuta mengi. Sindano mpya nayo ilikuwa nyembamba zaidi kuelekea nchani, na sindano nyembamba hupitisha mafuta zaidi kwa sababu inaacha nafasi kubwa pembeni yake. Nikarudisha jeti na sindano za kiwandani baada ya kuzisafisha kwa dawa na upepo, bila kuchokoa matundu kwa waya. Nikapuliza pia vile vijitundu viwili vilivyo mdomoni mwa kabureta upande wa chujio, ambavyo watu wengi huvisahau. Vinapitisha hewa, vikiziba kwa vumbi, mafuta yanazidi hata kama jeti zako ni sahihi kabisa. Moshi ukapungua sana.

Sasa kuhusu vali ya floti, ile iliyopata nyota mbili peke yake. Nilichomeka mpira mwembamba unaoonyesha kilicho ndani kwenye tundu la kumwagia chini ya bakuli, nikaukunja kwenda juu kando ya kabureta, nikalegeza skrubu ya kumwagia. Petroli iliyo ndani ya mpira inasimama usawa ule ule wa ndani ya bakuli. Kwa vali mpya ilisimama milimita chache chini ya ungio la bakuli, ikatulia. Nikarudisha ya zamani makusudi ili nione: petroli ikapanda, ikapita ungio, ikaanza kudondoka kwenye mpira wa kufurikia. Ncha ya ile vali ilikuwa na pete iliyochimbika pande zote, mwanya usiozidi unene wa unywele. Huo tu.

Lakini bado ilikuwa inanuka petroli injini ikizunguka polepole. Nikakaza skrubu ya mchanganyiko pole pole mpaka mwisho. Kwenye kabureta yangu skrubu hiyo iko upande wa injini na inapima mafuta, kwa hiyo kuikaza ni kupunguza. (Ikiwa iko upande wa chujio, inapima hewa, na mambo yanageuka.) Injini ilipaswa kuzimika. Haikuzimika. Inakula kutoka wapi basi?

Ndipo nikakumbuka jambo nililokuwa naringia kwa wenzangu kwa miezi: pikipiki yangu inawaka asubuhi ya baridi bila kuvuta choki. Kumbe ndiyo ilikuwa dalili. Injini ya kabureta ikiwa baridi inahitaji mafuta ya ziada, ambayo choki ndiyo huyaleta, na yangu haikuyaomba kwa sababu ilikuwa inayapata mchana kutwa. Waya wa choki ulikuwa umekazwa bila hata chembe ya ulegevu, kwa hiyo kile kipistoni chake hakikukaa chini kikamilifu, na kimpira cha chini yake kilikuwa kimekatika kipande. Kiti haina kipistoni hicho. Niliagiza peke yake, nikalegeza waya, na skrubu ya mchanganyiko ikarudi kufanya kazi: ukiikaza injini inazimika, ukiifungua mizunguko miwili na nusu inanguruma vizuri.

Jambo moja ambalo lingenigharimu injini: kijiti cha kupimia oili kilionyesha oili juu ya alama, na kilinuka petroli. Vali mbovu ya floti inaweza kuvujisha petroli hadi ndani ya injini, na oili iliyochanganyika na petroli hailindi kitu. Nilibadilisha oili kabla ya kuiendesha hata mita kumi.

Kwa hiyo nyota tatu. Vali ya floti bora, gasketi na oringi zimekaa vizuri na hazijavuja hadi sasa. Jeti na sindano sizipendekezi mpaka ulinganishe namba na zako za zamani. Zangu mpya ziko kwenye kopo la skrubu, zinang'aa bure. Plagi imekuwa ya kahawia hafifu, akseleta inajibu papo hapo, na sasa asubuhi pikipiki haiwaki kabisa nisipovuta choki.