Mchanga wa Wahiba au Wadi Bani Khalid: ulale wapi Oman msimu wa baridi?

Kuanzia Novemba hadi Februari, Wahiba, jangwa la matuta ya mchanga, inataka gari la 4x4 (linalosukumwa na magurudumu yote manne) na maandalizi. Ukifika mji wa Bidiyah, kabla ya kuingia mchangani, punguza upepo wa tairi hadi psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 15 au 18. Tairi gumu huchimba badala ya kuelea, na gari hunasa. Likianza kuzama, usikanyage mafuta: shuka, fukua mchanga nyuma ya magurudumu, kisha rudi nyuma taratibu kwa njia uliyojia. Beba pampu ya kujazia upepo tena kabla ya lami, sepetu, na maji lita 5 kwa mtu kwa siku. Usiku baridi ni kali, na juu ya tuta upepo huuma. Piga hema chini, upande uliokingwa.

Wadi Bani Khalid, bonde la mto (wadi) milimani, ni rahisi: gari dogo linafika, maji ya kuogelea yapo. Lakini mvua ya milimani, hata usipoiona, huleta mafuriko ghafla. Usilale kabisa kwenye mkondo mkavu, na maji yakibadilika rangi panda juu mara moja, uache vyombo.

Wenye watoto na gari dogo, nendeni wadi, mchana tu. Kwa kulala, tunachagua Wahiba, magari mawili.