Stiki nyepesi za kulazia bunduki: msimu wangu nazo Pori la Akiba la Rungwa, Tanzania

Mgeni mmoja aliyekuja kuwinda akaondoka Agosti aliniachia stiki zake za kulazia bunduki, zile za nyuzi za kaboni, miguu mitatu inayorefuka na kufupika. Nimezibeba hadi Desemba, kwenye nyati, pofu na kongoni.

Uzito kwanza. Mizani ya jikoni kambini ilisoma kilo 1.2. Zangu za mti wa mkole, nilizokata mwenyewe na kuzifunga juu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, zilisoma 1.9. Anayebeba stiki ni mfuata nyayo, kama mimi, si mpiga risasi. Ukiwafuata nyati tangu saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, na mbung'o wamekukalia mgongoni, zile gramu 700 utazijua tu. Halafu kaboni haiunguzi kiganja. Niliwahi kubeba za alumini mwezi wa kumi. Kufika adhuhuri nilizifunga kitambaa kama mtoto.

Tatizo liko kwenye viungo. Kila mguu una viungo viwili vya kukaza kwa kuzungusha, na vumbi likiingia havikazi sawasawa. Siku moja pofu dume alisimama kama hatua 90, mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni akanipa ishara, nikatanua stiki, mgeni akalaza bunduki. Mguu wa kushoto ukaanza kuzama polepole, kama mzee anayesinzia barazani. Risasi ikachimba udongo. Aliyetazamwa vibaya ni nani? Mimi, bila shaka.

Tangu hapo nazikaza asubuhi kwa urefu wa mgeni na sizigusi tena. Kipimo changu: zikiwa zimefumbwa zifike usawa wa macho yake; ukizitanua zinashuka hadi begani. Akitaka kupiga magoti, natanua miguu zaidi. Sasa viungo vya nini?

Ncha nazo ni za chuma, zinalia kwenye mawe. Nimezivalisha vipande vya kandambili, kelele imekwisha. Panda la juu ni la plastiki ngumu, nimelizungushia tyubu ili bunduki isiteleze. Na tafadhali, mtutu wenyewe usiulaze pale, risasi itapanda juu. Laza ile mbao ya mbele, karibu na mkono.

Kuna wanaoniuliza kuhusu ile miguu miwili ya kufunga kwenye bunduki yenyewe. Kulenga shabaha kambini, sawa. Huku Julai nyasi zinafika kifuani, ukilala chini utaona mashina ya nyasi tu, na bunduki imekuwa nzito mbele siku nzima.

Kama unanunua, usiridhike na kuzinyanyua kwa kidole dukani. Zitanue kwa urefu wako, ziegemee kwa mikono miwili uhesabu hadi 60, kisha zigonganishe usikilize zinavyolia. Chagua miguu ya vipande viwili vinavyoungwa kwa skrubu, achana na ya kuvuta.

Za kaboni bado nazibeba kwenye safari ndefu. Lakini nyuma ya kiti cha gari mkole wangu upo, na tukikuta nyayo mbichi za nyati karibu na barabara, ndio ninaoshuka nao. Mwakani nitakata mwingine, mwembamba kidogo.