Kamusi ya Kiswahili: ipi ununue kwanza

Kila Januari, madaftari yanapopangwa hadi milangoni mwa maduka, wazazi huniuliza: nimnunulie mtoto kitabu gani ili Kiswahili chake kikae sawa? Watu wazima nao huuliza, na wengine wamekwisha kulipia kozi za uandishi na kujaza kabati vitabu vya kujiendeleza. Jibu langu halibadiliki. Nunua kamusi, tena ya Kiswahili kwa Kiswahili, kabla ya kozi yoyote. Kazi yangu ni kusahihisha miswada, na kamusi ndicho kitabu pekee mezani kwangu nilichokinunua zaidi ya mara moja kwa sababu cha kwanza kilichakaa.

Ukifika dukani, kabla ya kuuliza bei, fungua kamusi kwenye neno paa. Paa ni mnyama wa porini. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba. Ndege ya abiria hupaa, mpishi hupaa samaki magamba, na jirani aliyeishiwa kiberiti alikuja kupaa moto jikoni kwako. Kamusi iliyotungwa kwa uangalifu huyatenganisha maneno haya kwa namba, huonyesha lipi ni nomino na lipi ni kitenzi, na hutaja ngeli, ili mtoto ajue kuwa paa huyu wa porini ni wa a-/wa- na paa lile la nyumba ni la li-/ya-. Ukikuta maana zote zimerundikwa kwenye mstari mmoja, irudishe rafuni.

Kisha nenda kwenye penda. Tazama kama chini yake kuna pendea, pendana, pendwa, pendeza. Kitenzi cha Kiswahili huzaa, na kamusi isiyoonyesha uzazi huo haimsaidii anayejifunza kuandika. Mwisho, angalia mwaka wa toleo. Neno kishikwambi, kwa mfano, lilienea Tanzania wakati wa Sensa ya 2022, kwa hiyo usiilaumu kamusi ya miaka ya nyuma ikiwa haina neno hilo. Lakini ujue unanunua nini.

Namba moja kwangu ni Kamusi Kuu ya Kiswahili, ya Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, iliyotoka mwaka 2015. BAKITA ndicho chombo kinachosanifisha istilahi Tanzania, na anayeandika habari, hotuba au barua za kiofisi anahitaji kujua neno limekubaliwa kwa maana gani. Kasoro yake ni uzito. Ni kitabu cha kukaa mezani nyumbani au ofisini. Usimbebeshe mtoto kila siku kwenye begi.

Ya pili ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na kwa mwanafunzi wa sekondari mwenye fedha ya kitabu kimoja tu ningeipandisha iwe ya kwanza. Ilitungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo leo ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Toleo la kwanza lilitoka 1981, la pili 2004, na yamefuata mengine. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea: toleo la 1981 bado linazunguka kwenye vitabu vya mitumba, na jalada halikuambii kila kitu. Fungua ukurasa wa hakimiliki usome mwaka mwenyewe.

Ya tatu ni Kamusi la Kiswahili Fasaha, ya Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, ya mwaka 2010. Ndiyo, kamusi *la*; jina lenyewe tayari linakupa somo la jinsi wenzetu wa Visiwani wanavyoiweka nomino hii. Kwa mshairi, au mtu anayependa maneno ya bahari, mapishi na mavazi ya Unguja na Pemba, hii ingekuwa ya kwanza. Sijawahi kujuta kuifungua hata siku moja.

Kwa walioko Kenya, Kamusi Teule ya Kiswahili, iliyochapishwa Nairobi mwaka 2013, inafaa shuleni.

Kamusi za Kiingereza na Kiswahili nazipa nafasi ya mwisho, ingawa ndizo watu hukimbilia. Mfasiri anazihitaji, na mzazi wa Kiswahili anayelea watoto Uingereza au Marekani naye anazihitaji. Lakini ukitaka kukuza Kiswahili chako, tafsiri ya neno moja kwa neno moja itakuacha hapo hapo ulipo. Ile ya Frederick Johnson ya 1939 inunue ukiipenda historia: maneno mengi yamewekwa chini ya shina lake, hivyo utajikuta unamtafuta mpishi kwenye pika.

Neno la tahadhari kuhusu nakala za kudurufu. Niliwahi kununua moja barabarani kwa bei ya kuvutia, jalada linang'aa. Nilipofika nyumbani na kuihitaji, nikaambulia patupu. Kurasa zote za katikati hazikuwamo, na muuzaji sikumwona tena. Tangu hapo huwa naanza na herufi M, kwa sababu nomino zetu nyingi zimejaa humo. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa, uone kama zinafuatana. Vuta kurasa mbili tatu taratibu karibu na mshono. Za gundi hafifu zitaanza kuachia hapo hapo. Iangalie kwenye mwanga wa dirishani pia: wino wa nakala ya wizi huwa umefifia upande mmoja, na alama ndogo za ngeli, zile unazozilipia hasa, hazisomeki.