Mbwa mwitu: Mikumi au Nyerere?

Mtu wa Dar anayetaka kumwona mbwa mwitu akiwinda ana njia mbili: hifadhi za taifa za Mikumi na Nyerere. Mikumi ni rahisi: unashika barabara ya Morogoro, lami mwanzo mwisho, na Jumapili jioni umerudi Kimara, foleni ikikupokea. Nyerere, iliyomegwa kutoka pori la akiba la Selous mwaka 2019, unaingilia Kibiti hadi Mloka. Ukishaacha lami, vumbi na makorongo. Kiuno kitakueleza.

Uwanda wa Mkata pale Mikumi uko wazi, kwa hiyo mbio unaziona vizuri. Mbwa hawa hawanyatii kama chui. Wanamchagua swala pala mmoja na kumkimbiza hadi pumzi imwishie, wakikaribia kilomita 60 kwa saa. Shida ni kuwapata. Unaweza kumaliza siku nzima na pundamilia tu.

Kule Nyerere, kando ya mto Rufiji na maziwa yake, kama Tagalala, mambo hubadilika. Swala akizidiwa hujitosa majini. Mbwa hubaki ukingoni, masikio yale ya duara yamesimama, mguu mmoja umegusa tope kisha unarudishwa, maana mamba wamejaa. Wakati mwingine kundi huachia, wakati mwingine husubiri. Kuro, jamaa mkubwa wa swala, naye hukimbilia maji hivyo hivyo.

Mimi nachagua Nyerere, kiangazi, Juni hadi Oktoba, maana wakati wa masika njia nyingi hazipitiki. Mwenye watoto wadogo na gari la chini, aende Mikumi tu.