Kinga za kifundo cha mkono: mwanafunzi wa ubao asipande lifti ya mlimani bila hizi

Nafundisha watu wanaoanza kuteleza kwenye theluji kwa ubao, kwa hiyo kutwa nzima naona watu wakianguka. Mwenye skii, zile mbao mbili nyembamba za kutelezea, moja kila mguu, huumia zaidi goti, au kidole gumba kinapopindwa na fimbo aliyoishika. Wa ubao ana shida nyingine. Miguu yote miwili imefungwa, vifungo vinavyoishikilia havifyatuki ukianguka kama vya skii, na mkononi hana kitu. Ukingo wa ubao ukishanasa kwenye theluji, anarushwa chali au kifudifudi na mikono inatangulia yenyewe kabla hajawaza lolote. Uzito wote unatua kiganjani, kifundo kinapinda kwa nyuma, na mfupa wa kigasha unavunjika karibu kabisa na kifundo. Wanaoanza ndio wahanga wakubwa.

Kinga ninazovaa msimu huu ni za aina ndefu. Bamba la plastiki linakaa juu ya mkono, likianzia mgongo wa kiganja hadi karibu nusu ya kigasha, na linanesa kidogo ukilibonyeza. Upande wa kiganja hakuna plastiki, ni sponji nene tu. Nimezichagua kwa sababu ya urefu na huko kunesa. Zile fupi na ngumu za viatu vya magurudumu sizipendi: nguvu ya anguko haipotei, na bamba gumu likiishia karibu na kifundo nahofia itahamia pale linapoishia.

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, mama mtu mzima, alianguka chali kwenye sehemu iliyoganda, viganja vyote viwili chini. Nilimvua glavu pale pale. Bamba lilikuwa limerudi kwenye umbo lake, sponji ya kulia imebonyea, naye anakunja na kukunjua vidole bila maumivu. Akaomba tuendelee, tukaendelea.

Ushahidi haupo kwangu tu. Nchini Norwei walichukua watelezaji wa ubao 5,029, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wavae kinga na nusu wasivae. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: wasiovaa walipata majeraha 29 ya kifundo, waliovaa 8. Ndiyo maana inanikera kuona helmeti zimejaa mlimani halafu mikono iko mitupu.

Kasoro zipo, tena za kuudhi. Velkro ya mkanda wa juu inashika theluji, na ikishalowa inaachia. Kila tukifika juu naikung'uta na kuifunga upya. Alama ya kulia na kushoto ni ndogo mno, na kwa mwanga wa asubuhi wanafunzi hubadilisha. Sponji inakunywa jasho na haikauki upesi, usiiache ndani ya begi usiku. Kufunga mikanda ya ubao ukiwa umezivaa kunahitaji mazoezi, maana kifundo hakikunjiki kama ulivyozoea. Hilo mtu hulizoea siku hiyo hiyo.

Kwa mwenye skii sizipendekezi, zinamzuia kushika fimbo vizuri. Na bega au kichwa hazikingi, helmeti iko pale pale.

Ukinunua, tafuta alama ya ISO 20320, kiwango cha mwaka 2020 kilichotungwa mahsusi kwa kinga za kifundo za ubao wa theluji. Kisha zijaribu pamoja na glavu zako. Hizi zinakaa ndani ya glavu, na glavu inayokubana bila kinga haitaingia ukiwa nazo. Mimi nililazimika kuchukua kubwa zaidi kwa saizi moja. Kwa mtoto, usinunue za kukulia: zikilegea zinazunguka mkononi, na bamba linahama kutoka mahali pake.