Sertralini: naipa nyota nne, ya tano naizuia

Kitu cha kwanza kuondoka hakikuwa huzuni. Ulikuwa wasiwasi. Kabla sijaanza vidonge hivi vya kutibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, simu ikiita nilikuwa naitazama tu mpaka inyamaze, moyo unanienda mbio, hata kama anayepiga ni dada yangu. Wiki kadhaa baadaye nikajikuta nimeshapokea na tunaongea. Huzuni bado ilikuwepo, hasa asubuhi, na ilichukua muda mrefu zaidi kulegea.

Ndiyo maana utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 ulinigusa. Wagonjwa wa kliniki za kawaida walipewa sertralini au kidonge bandia, yaani kisicho na dawa ndani, bila kujua wamepewa kipi. Baada ya wiki 6, dalili za sonona hazikutofautiana sana, lakini waliomeza dawa halisi walikuwa na wasiwasi mdogo zaidi, na wengi wao walisema wamepata nafuu.

Wanaosema dawa za sonona hazina maana humtaja mwanasaikolojia Irving Kirsch, ambaye mwaka 2008 alionyesha kwamba zinakishinda kidonge bandia kwa chini ya alama 2 kwenye kipimo cha Hamilton, orodha ya maswali ya kupima ukali wa sonona, chenye alama 52. Hesabu yake siipingi. Ila katika kipimo hicho usingizi peke yake umetengewa alama 6. Kwa hiyo alama 2 zinaweza kuwa za mtu aliyelala usiku kucha baada ya miezi ya kukesha, na zinaweza pia kuwa za dawa inayosinziisha tu, huku sonona iko palepale. Wastani hautuambii ni yupi.

Kinachoniumiza hasa ni kingine. Mwaka huohuo mtafiti Erick Turner na wenzake walifukua majaribio 74 ya dawa za sonona yaliyosajiliwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani. Yaliyofaulu yalikuwa 38, na yote isipokuwa moja yalichapishwa. Kati ya 36 yaliyobaki, 22 hayakuchapishwa kabisa, na 11 yaliandikwa kana kwamba nayo yamefaulu. Madaktari walisoma hayo, wakatuandikia dawa. Kumficha taarifa mgonjwa aliyekwisha kata tamaa ni dhuluma, sina neno jingine.

Uchambuzi wa 2018 ulikusanya majaribio 522, pamoja na data ambazo hazikuwa zimechapishwa. Dawa zote 21 zilikishinda kidonge bandia, kwa tofauti isiyo kubwa. Hilo naliamini, na linalingana na yaliyonipata.

Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya maelezo yanayokuja na dawa. Niliambiwa serotonini, kemikali ya ubongo, imepungua kichwani, jambo ambalo ushahidi hauliungi mkono. Kichefuchefu cha mwanzo niliambiwa, na kilipita. Kwamba hamu ya tendo la ndoa ingeshuka, hakuna aliyenitajia. Halafu kituo nilikochukulia dawa kikaishiwa, nikawa kila nikigeuza macho napata kitu kama shoti ya umeme kichwani. Huo si uraibu, lakini dawa hii haikatwi ghafla. Dozi inapunguzwa polepole, daktari akijua.

Kama mtumiaji hajafika miaka 25, asiachwe peke yake wiki za mwanzo. Mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka, na yakijitokeza daktari aambiwe siku hiyohiyo.